Kikapu cha Chepchumba

Jani la kwanza lilionekana kikapuni siku ya Jumatano, saa nane mchana, na Janeffer alidhani ni mchezo wa mtoto. Lilikuwa jani bichi la chai, limekatwa kama mchumaji hodari anavyokata, nalo lilikuwa limelowa maji ilhali nje jua lilikuwa kali mpaka mabati yakawa yanalia. Kikapu chenyewe kilining'inia ukutani juu ya televisheni, mahali ambapo mkono wa Fancy, binti yao wa miaka saba, haungefika hata akipanda kiti. Janeffer alilitoa lile jani akalitupa uani. Kuku walilikimbilia kama wanavyokimbilia kila kitu, kisha wakasimama wote pamoja, wakarudi nyuma, wakawa wanalitazama kwa mbali.

Kikapu hakikuwa chao. Kilikuwa cha mtoto aliyepotea mwaka wa sitini na moja, miaka thelathini na minne kabla ya mchana ule. Kilifika katika nyumba ile kwa sababu mume wa Janeffer, Nicholas Kipkirui, alikuwa mtu wa aina ambayo kijiji chao cha Merigi kilihitaji mmoja tu, na huyo mmoja pia alikuwa amezidi.

Nicholas alikuwa msimamizi wa sakafu ya kunyaushia majani katika kiwanda cha chai. Kazi yake ilikuwa kupitisha mkono juu ya majani na kusema bado, au tayari. Kwa miaka kumi na minne majani yalinyauka kwa wakati wake, yeye awepo asiwepo. Mtu wa kazi kama hiyo hutafuta ukubwa mahali pengine. Wengine huupata kanisani, wengine kwenye chupa. Nicholas aliupata katika gazeti kuukuu lililotandikwa ndani ya droo ya ofisi: habari ya Chepchumba, msichana wa miaka saba, aliyetoweka katika shamba la chai la Wazungu mchana mmoja mvua ya mawe ilipowashukia wachumaji. Watoto wote walikimbilia banda la kupimia majani. Mawe yalipokoma, kikapu kidogo cha Chepchumba kilikutwa kimelala kifudifudi katikati ya mistari ya chai, na chini yake udongo ulikuwa mkavu. Askari walikuja na mbwa. Bwawa lilikaushwa. Hakukupatikana hata uzi wa nguo yake.

Mtu mwingine angesoma, akasikitika, akafunga droo. Nicholas alifurahi.

Akanunua faili la kijani na kalamu za rangi tatu, na koti refu la mtumba ambalo aliamini linamfanya afanane na mpelelezi. Lilimfanya afanane na mtu aliyenyeshewa. Hakuna mgeni aliyemaliza kikombe cha chai katika nyumba ile bila kufunuliwa ramani aliyoichora mwenyewe, yenye mishale. Aliiita "kesi yangu". Aliisimulia arusini, aliisimulia matangani, na mara moja aliisimulia mbele ya mwanamke aliyekuwa ametoka kumzika mtoto wake. Hakuona kwa nini yule mwanamke aliinuka akaenda kukaa jikoni.

Mama yake Chepchumba alikuwa hai. Aliitwa Rebeccah, na kila mtu alimwita kogo, kama wanavyoitwa bibi wa huko. Aliishi peke yake katika nyumba ndogo chini ya kituo cha kupokelea majani, na hakuwa na kumbukumbu nyingine ya mtoto wake ila kile kikapu, alichokisuka mwenyewe ili mtoto achume akiigiza wakubwa. Nicholas alimwendea mara sita. Alimuuliza mtoto alivaa nini, alikula nini asubuhi ile, alikuwa mtiifu au mkaidi, na majibu aliyaandika kwa kalamu nyekundu. Mara ya sita kogo alimpa kikapu akichunguze kwa wiki moja. Hakumpa kwa kumwamini. Alimpa kwa kuchoka, na mtu mpumbavu hawezi kutofautisha uchovu na ukarimu. Nicholas alirudi nyumbani akapiga msumari ukutani, akakitundika ili wageni wakione.

Alhamisi majani yalikuwa mawili. Ijumaa Janeffer alikuwa jikoni akitikisa maziwa kwenye kibuyu aliposikia mvua ya mawe ikipiga mabati ya sebule. Alitoka mbio kuanua nguo. Uani palikuwa pakavu, ng'ombe alikuwa anacheua juani, nguo zilikuwa zimekauka. Aliingia sebuleni, na humo mawe yalikuwa yanapiga juu ya kichwa chake kwa ghadhabu. Harufu ya majani mabichi yaliyorundikwa na kuanza kupata moto ilikuwa nzito hata akafunika pua. Ilidumu kwa muda wa kusali Baba Yetu mara mbili, kisha ikakatika.

Alimweleza mumewe jioni. Nicholas alimsikiliza akitabasamu, akasema wanawake wa mashambani huogopa hata upepo, kisha akaandika maneno yake kwenye faili.

Jumapili, walipotoka kanisani, alisikia mwenyewe. Saa nane ilipofika mawe yakaanza, harufu ikajaa, na katikati ya ile kelele, kutoka kati ya dari ya silingbodi na mabati, ikatoka sauti nyembamba ya mtoto, kama mtoto anayesema akiwa ameziba mdomo kwa mkono wa sweta.

"Uliza," ilisema.

Mtu mwenye akili angewashika mke na mtoto mikono akawatoa nje bila viatu. Nicholas alikimbilia chumbani kuchukua faili.

Aliuliza kama ndiye Chepchumba, na sauti ikasema ndiyo. Aliuliza kama alichukuliwa na mtu, ikasema ndiyo. Aliuliza kama mtu huyo alikuwa nyapara wa wachumaji, na sauti ikanyamaza kidogo, kama anayeonja kitu, ikasema ndiyo. Machozi ya furaha yalimlengalenga Nicholas. Siku zote alitaka mwenye hatia awe nyapara, mzee mmoja aitwaye Ondieki. Sababu zake zilikuwa tatu, zote za aibu. Ondieki alikuwa bado hai. Ondieki alikuwa Mkisii peke yake katikati ya Wakipsigis. Na Nicholas alipomwendea na kalamu zake, Ondieki alimwambia arudi nyumbani akamsaidie mke wake kukamua.

Wazee wa Kipsigis wana jina la kitu kama kile, na hawalitaji ndani ya nyumba. Watu wa kiwandani husema jini tu. Jini mwenye njaa akiingia kwa mtu wa kawaida humtisha. Akiingia kwa mtu wa aina ya Nicholas hana haja ya kutisha. Humkubalia tu.

Janeffer ndiye aliyelijua hilo. Jumatatu mumewe alipokuwa kazini, alimfungia Fancy kwa jirani, akajifunga leso kiunoni, akasimama peke yake sebuleni saa nane mchana. Mawe yalipoanza hakungoja kuambiwa.

"Ni mimi nilikuchukua?" aliuliza. Yeye alizaliwa mwaka wa sitini na tatu.

"Ndiyo," ilisema sauti.

"Ni ng'ombe wangu alikuchukua?"

"Ndiyo." Kisha, taratibu, kwa utamu wa mtoto aliyelishwa na bado ana nafasi: "Uliza tena, mama Fancy. Uliza tena."

Usiku ule alimnong'oneza mumewe kitandani ili Fancy asisikie. "Baba Fancy, hiyo kitu inakubali kila kitu. Nimeijaribu. Imesema ni mimi. Imesema ni ng'ombe."

Nicholas alimjibu kwamba shahidi huchanganyikiwa akihojiwa na mtu asiyejua kuhoji. Akageukia ukuta akalala, na alilala vizuri.

Alhamisi iliyofuata chifu alikuwa na baraza sokoni, juu ya mambo ya kuogesha ng'ombe. Nicholas alisimama na koti lake, akafungua faili, akasema amepata mwuaji wa Chepchumba, naye ni Ondieki. Hakusema nani alimwambia. Alisema ana chanzo cha habari. Ilikuwa miaka michache tu tangu moto wa siasa za uchaguzi, na jirani wa kabila lingine alikuwa bado kama nyasi kavu. Chifu alisema neno la utulivu, nalo lilipita kama mbu. Saa moja baadaye vijana walikuwa wanachimba sakafu ya jikoni ya Ondieki kwa majembe yake mwenyewe. Mzee alisimama mlangoni akiwaambia wachimbe polepole, kwa sababu ukuta ule ulikuwa umeegemea udongo.

Walipata mifupa. Nicholas aliinua mmoja juu, kama mhubiri, na mtu akatumwa kumwita kogo Rebeccah. Alikuja akikimbia, mwanamke wa miaka sitini na tano, bila kitambaa kichwani. Watu wakampisha. Alipiga magoti mbele ya shimo, akaokota ubavu mmoja, akaupangusa udongo kwa kidole.

"Ni mbuzi," alisema.

Kisha akawaambia kwamba Ondieki ndiye aliyetafuta pamoja naye siku tisa baada ya askari kwenda zao, na ndiye aliyemtoa bwawani, lilipojaa tena, alipotaka kujizamisha. Hakuna aliyesikia. Vijana walikuwa wamekwisha kupata joto, na watu waliopata joto hawarudi nyumbani kwa sababu ya mbuzi. Walimvunja Ondieki mkono na mbavu. Binti yake alikuja na lori kumchukua, na wiki ya tatu habari ikafika kwamba amekufa hospitalini.

Nicholas alipoambiwa alitikisa kichwa kwa hekima. Alisema ni bahati mbaya, maana amekwenda na siri yake.

Siku Ondieki alipozikwa kwao, sauti haikusema "uliza" saa nane. Ilisema "Fancy".

Mtoto alikuwa anachora sakafuni. Aliweka kalamu chini, akainuka, akaenda akasimama mbele ya ukuta, akainua mikono miwili na kuanza kuchuma hewa. Alichuma kama wanavyochuma wanawake waliozeeka katika kazi, vidole vikikata kwa kasi kulia na kushoto bila macho kutazama, kisha mkono ukipita juu ya bega kutupa kisichoonekana ndani ya kikapu kisichokuwepo mgongoni. Na kila mkono ulipopita juu ya bega, kule juu ukutani kikapu kilichotundikwa kilitikisika kwenye msumari kwa uzito wa kitu kilichoangukia ndani. Janeffer aliita jina la mwanawe mara ya kwanza na ya pili na ya tatu, akamshika mabega na kumgeuza, akaona macho yake yamefifia kama maji ya bwawa, na midomo yake ikisema kwa upole kwamba yeye si Fancy, yeye ni Chepchumba, na mstari haujaisha. Mawe yalipokatika mtoto alianguka akalala papo hapo. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, na havikutakata kwa sabuni wala kwa majivu wala kwa ndimu.

Ikawa hivyo kila siku. Walimpeleka kwa jirani, akachuma kwa jirani. Wakamfungia mlango, akachuma mpaka kucha zikatoka damu. Mchungaji alikuja akaomba kwa sauti kubwa, na jini likamjibu amina kwa kila sentensi, hata mzee wa watu akafunga Biblia na kuomba radhi. Nicholas alikuwa anaketi na faili gotini, akiandika dakika mtoto alizochuma. Siku ya tano alimwambia mkewe kwamba labda mtoto akiachwa aendelee, ataonyesha mahali mstari unapoishia, na pale ndipo patachimbwa.

Janeffer alimtazama mtu aliyezaa naye. Alitoka akateremka mpaka kwa kogo Rebeccah, akapiga magoti mlangoni, akaomba msamaha kwa ajili ya nyumba yake yote.

Kogo alimwacha pale chini kwa muda, kama haki yake ilivyokuwa. Kisha akachukua fimbo, wakapitia kwa Tapkigen, mwanamke mzee wa miti shamba aliyekuwa amewazalisha nusu ya watu wa Merigi na hakumheshimu hata mmoja wao kwa sababu hiyo.

Walifika saa nane kasoro. Tapkigen aliingia, akavuta hewa puani, akacheka kwa dharau.

"Hii si mtoto wa mtu," alisema. "Ni roho ya njaa tu, haina ukoo. Ilisikia mtu anauliza, anauliza, hataki kujua. Ikaona hapa ni kwake."

Aliwasha matawi mabichi ndani ya kigae, moshi ukapanda mpaka silingbodi. Akaeleza, bila kumtazama Nicholas, kwamba moshi utaishika tu, hautaitoa. Iliingia kwa mdomo wa mtu mmoja, na mdomo huo ndio mlango. Mtu huyo aseme mbele ya mama yake Chepchumba kwamba hajui, na kwamba yule mzee hakufanya. Maneno hayo tu.

Mawe yalianza. Fancy aliinuka, akaenda ukutani, mikono ikaanza. Damu ilikuwa inachuruzika hadi viwiko.

"Sema, baba Fancy," Janeffer alinong'ona.

Nicholas alirekebisha kola ya koti. "Sijui kwa uhakika," alisema, "lakini dalili zote zinaonyesha..."

Juu ya neno lile mawe yalishuka kwa nguvu ambayo hawakuwa wameisikia bado, silingbodi ikapinda katikati kama tumbo, moshi ukasukumwa chini ukawaingia machoni, na kikapu kikaanza kumwaga majani mabichi, machache kwanza kisha kwa makonzi, yakiteleza juu ya kioo cha televisheni na kurundikana sakafuni miguuni pa mtoto, naye akachuma kwa kasi zaidi, akicheka kicheko ambacho hakikuwa chake wala cha mtoto yeyote, huku ile sauti juu yao ikisema ndiyo, ndiyo, ndiyo, bila kuulizwa.

Nicholas alianza tena, na tena akafika kwenye lakini. Alikuwa amerudi nyuma mpaka mlangoni. Hata hapo, na damu ya mwanawe imemrukia kiatuni, hakuweza kuachia jambo pekee maishani lililomfanya asikilizwe.

Kogo Rebeccah alimwendea. Alikuwa mfupi, kichwa chake kikimfika kifuani.

"Miaka thelathini na nne nimelala na hilo neno," alisema. "Sijui. Nimepika nalo. Nimezika mzee wangu nalo. Wewe unashindwa kulisema mara moja?"

Nicholas alitazama chini. Mdomo ulimtetemeka kama wa mtoto anayenyimwa. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo hata ikabidi waisome midomoni, kwamba hajui Chepchumba alikwenda wapi, na kwamba Ondieki hakufanya kitu.

Mawe yalikoma. Haikuwa kama mvua inavyopungua, bali kama mtu aliyefunga mlango. Fancy aliangalia mikono yake, akaanza kulia kwa uchungu, akamwita mama yake kwa jina analomwitia siku zote. Janeffer alimbeba. Yale majani sakafuni yalikuwa yamenyauka na kuwa meusi, na Tapkigen aliyafagia kwa mguu, akasema yachomwe nje ya boma.

Kogo alitungua kikapu chake. Nicholas alimfuata mpaka uani, na kwa kuwa aibu haikukaa ndani yake zaidi ya dakika kumi, alimuuliza kama hakuona ajabu kwamba udongo chini ya kikapu ulikuwa mkavu. Kogo hakugeuka. Alikwenda zake na Tapkigen, na nyuma yao akatoka Janeffer, mtoto mgongoni na mfuko mmoja wa nguo, akaenda kwa kaka yake mjini Kericho.

Alirudi baada ya miezi miwili kuchukua nguo za shule za Fancy. Ilikuwa mchana. Kutoka langoni alimsikia Nicholas akizungumza kwa furaha, akinyamaza kidogo, kisha akisema "naam, naam, ndivyo nilivyofikiri." Alimkuta mezani, amekonda mpaka koti linamwelea, kiwandani wamekwisha kumwachisha kazi. Alimweleza mkewe kwamba ameanza kesi mpya, ya mvulana wa Ndanai aliyepotea mwaka wa sabini na nne, na safari hii ana bahati ya msaidizi mzuri. Mbele yake mezani palikuwa na kiatu kimoja kidogo cha mpira, mkanda wake umekatika. Ng'ambo ya meza palikuwa na kiti cha pili. Kilikuwa kimesogezwa karibu, kama cha mtu anayesikiliza, na kitambaa chake kilikuwa kimelowa maji yanayodondoka sakafuni.

Janeffer hakuuliza ni nani anayeketi pale. Alichukua kiatu mezani. Nicholas hakuona, alikuwa amekwisha kugeukia kile kiti, anacheka.

Hakuchukua hata zile nguo. Siku ile ile alikwenda Ndanai, akaulizia sokoni mpaka akaonyeshwa nyumba. Mwanamke aliyefungua mlango alikuwa na mvi, na alipoona kiatu alishika mlango kwa mikono miwili.

"Mzee wako amepata kitu?" aliuliza.

"Hajapata kitu, mama," alisema Janeffer. "Hatujui chochote. Nimekuja kurudisha tu."

Yule mama alipokea kiatu akakipakata. Akasogea, akampa nafasi kwenye benchi. Wakakaa pale mlangoni wakitazama mawingu yakijikusanya juu ya mahindi, mpaka mvua ikaanza, mvua ya kawaida, na Janeffer hakumuuliza neno lolote.